Kompyuta Inayozima Ghafla Haiponi kwa Kupigwa Windows

Nimeletewa tena, safari hii kutoka Nyakato hapa Mwanza, kompyuta ya mezani ambayo mafundi tofauti wameipiga Windows, yaani kuiwekea Windows upya, mara kwa mara, na mwenyewe bado anaamini kwamba ina kirusi. Kompyuta inayozima kama iliyochomolewa kwenye soketi, au inayojiwasha upya katikati ya kazi bila ujumbe wowote, ni nadra sana kuwa na tatizo la virusi. Kuipiga Windows kabla ya kuipima ni kufuta ushahidi, kwa kuwa faili ambazo mfumo huandika kila inapotokea skrini ya bluu hupotea, mara nyingi pamoja na tasnifu ya mwanafunzi ambaye hakuwa na nakala nyingine. Na kama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo mbovu, Windows mpya nayo inaweza kuingia kwenye diski ikiwa na makosa tangu siku ya kwanza.

Joto nalipitia haraka. Fungua kasha, puliza vumbi, ondoa wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku na kunasa kwenye feni, badilisha pesti iliyokauka, ile ya kupitisha joto, kwenye prosesa, chipu kuu ya kompyuta. Prosesa nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi, hivyo mashine iliyochemka kwa kawaida huwa nzito kwanza ndipo izime. Ikizima bila kuwa nzito, mimi huitazama pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

Hapo ndipo ubishi unaponichosha. Mtu hupima waya wa volti 12 kwa multimita, akasoma 12.1, akatangaza kwamba pawa saplai ni nzima kwa sababu kiwango cha ATX, yaani vipimo rasmi vya pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu 11.4 hadi 12.6. Multimita ya kawaida huonyesha wastani. Haioni volti zinavyoporomoka kwa sehemu ndogo ya sekunde pale kadi ya picha inapovuta umeme kwa mkupuo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20, na pawa saplai nzima hutarajiwa kuhimili katizo la takriban milisekunde 16 kwa chaji iliyohifadhiwa kwenye kapasita zake. Kapasita zikizeeka, akiba hiyo hupungua, na mtikisiko mfupi wa umeme kutoka karakana ya jirani ya kuchomelea mageti, ambao hauzimi hata taa, unatosha kuiangusha mashine. Wengi hunijibu kwamba wana UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba. UPS nyingi za bei nafuu husubiri umeme ukatike ndipo zihamie kwenye betri, na kuhama huko kunachukua milisekunde kadhaa ambazo pawa saplai dhaifu inaweza isizivuke. Kipimo ninachokiamini ni kufunga pawa saplai nyingine iliyo nzima, kisha kuifanyisha mashine kazi ile ile iliyokuwa ikiizima.

Tukio namba 41 la Kernel-Power katika orodha ya matukio ya Windows, ambalo watu hunionyesha kama cheti cha kifo cha pawa saplai, linasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Ukichomoa waya mwenyewe, litaandikwa vilevile.

RAM naipima kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, usiku kucha. Kosa moja linanitosha kujua kwamba pana ubovu, lakini halinitoshi kukihukumu kipande cha RAM, kwa sababu kosa linaweza kutoka kwenye nafasi kilipochomekwa, kwenye prosesa, au kwenye kasi iliyopandishwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Ndiyo maana hupima kipande kimoja katika nafasi moja, kisha nikavibadilisha. Kupita bila kosa nako hakuithibitishi RAM kuwa nzima.

Zipo mashine zinazotulia kabisa kwenye meza yangu na kuzima tena zikirudi nyumbani Igoma. Kwa hizo huomba niletewe pia waya wa umeme, ekstensheni na stabilaiza. Nyingine hupona baada ya kuchomoa na kuchomeka upya kila kitu, nami siwezi kusema kwa uhakika kama ni mguso ulioingia uchafu au ni ufa kwenye risasi inayoshikilia vipuri vya mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, ambao umejificha kwa muda. Mwenye mashine namweleza kwamba imetulia lakini chanzo hakijathibitishwa, kwamba anakili faili zake leo, na kwamba asinunue mazabodi mpya hadi itakapozima tena.