Mwembe wa jirani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Masika yakikaribia, mitaa mingi ya Dar es Salaam huwa na kesi moja isiyokosekana: mwembe wa miaka mingi, shina liko kwa huyu, matawi yamelalia bati la yule. Maneno huanza kurushwa juu ya ukuta, na mengi hayana mguu.

*"Tawi likivuka kuja kwangu, ni langu na maembe yake."*
Kukata, ruksa, kumiliki, hapana. Tanganyika ilirithi sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Huko ilishaamuliwa kwamba unaweza kupogoa tawi lililoingia kwako, mradi usivuke mpaka, lakini tawi na matunda yake hubaki mali ya mwenye mti. Ndiyo, hata dodo lililokuwa likining'inia juu ya jiko lako. Sijasikia mtu akiburuzwa barazani kwa embe moja, ila kwa kapu zima sikuahidi.

*"Ni hatari kwa watoto, nitauangusha mwenyewe."*
Shina likiwa kwake, mti ni wake. Ukiingia na shoka usiku, au ukimimina mafuta ya taa kwenye mizizi, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu kinakungoja: kuharibu mali. Mlalamikaji anageuka mshtakiwa.

*"Mwenyekiti wa mtaa akisema ukatwe, umekatwa."*
Yeye anasuluhisha tu. Hata Baraza la Kata, tangu 2021, halitoi tena hukumu za ardhi. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

*"Una pango, kwa hiyo umekufa."*
Hapa ndipo miti mingi mizima inapoponzwa. Sehemu hai ya shina ni ya nje, karibu na ganda. Moyo wa mti hauna uhai hata kwenye mti wenye afya. Pango kubwa linaweza kuudhoofisha, lakini dalili za kuogopesha zaidi ni uyoga kuota kwenye kitako, udongo kuinuka upande mmoja, au mti kuinama ghafla. Na mara nyingi chanzo ni sisi: mizizi mingi hutambaa juu juu, ikapita mbali kuliko kivuli. Anayechimba msingi wa ukuta na kuikata ndiye huyo huyo anayelalamika mwaka unaofuata kwamba mwembe unamwangukia.