Tani ishirini na mbili kuvuka Mkanda: bajeti ya tangi la maji kisiwani

Ombi la ruzuku ya tangi la maji la shule ya kisiwani likifika mezani Nairobi, mimi huanza na bajeti. Shida ya maji kila mtu huieleza vizuri. Bajeti ndiyo inayoonyesha kama aliyeandika amewahi kupakia jahazi.

Tuchukue shule ya kisiwa cha Pate, Lamu, yenye wanafunzi 200, maji ya kunywa tu, lita 2 kwa kila mmoja. Ni lita 400 kwa siku, na kwa siku 190 za masomo ni lita 76,000. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Ondoa asilimia 20 inayopotea. Paa la mita za mraba 160, tukikadiria mwaka mkavu wa milimita 600, litaleta lita 76,800. Linatosha kwa kubana. Maji ya vyoo na ya kufulia hayamo humo, kwa hiyo usiyaahidi.

Ukubwa wa tangi ni hesabu nyingine. Tuseme theluthi mbili za mvua hiyo hunyesha Aprili hadi Juni. Basi kuanzia Julai hadi Machi, siku 140 za masomo, shule itakunywa lita 56,000 huku paa likileta 25,600 tu. Pengo ni lita 30,400, na hilo ndilo tangi. Omba la lita 35,000. La lita 100,000, ambalo watu hulipenda sana, paa hilo halitalijaza kamwe.

Sasa uzito, mahali ambapo maombi mengi huzama. Tuseme fundi amekadiria mifuko 60 ya saruji ya kilo 50, yaani tani 3, na mwombaji akaandika usafiri wa tani 3. Lakini zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), kila mfuko unataka takribani kilo 105 za mchanga na kilo 210 za kokoto. Kwa mifuko 60 hiyo ni karibu tani 19 zaidi, na nondo bado. Mchanga wa ufukweni usiutaje hata kidogo: chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Mzigo wote utapakiwa Mokowe, gati la upande wa bara, upite Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakijaa, ushushwe na hamali, kisha upande punda. Kila mkono unaougusa unalipwa, na kila mmoja uwe na mstari wake. Usiufiche kwenye fungu la dharura. Fungu hilo wafadhili huliwekea kikomo.

Halafu kuna maji ya kujengea. Kuchanganya peke yake ni kama lita 1,500 za maji baridi, yasiyo ya chumvi, bila kuhesabu ya kumwagilia zege kwa siku saba au zaidi. Ndiyo, kisiwa kisicho na maji kitalazimika kuagiza maji ili kijenge tangi. Yaandike.

Nukuu za bei ziwe tatu, na zote ziseme bei ya mzigo uliofika ufukweni. Bei ya dukani Nairobi haisemi lolote kuhusu Pate. Uliza pia mapema nani analipa VAT ya asilimia 16, kwa sababu wafadhili wengine hawailipi.

Ratiba ifuate upepo. Kusi likishika, Juni na Julai, bahari huchafuka na saruji hulowa njiani. Masika nayo huanza Aprili. Ukirudi nyuma kwa hesabu hiyo, awamu ya kwanza ya pesa iwe benki kufikia Oktoba, mzigo uvuke wakati wa kaskazi, na tangi liwe limekauka kufikia Machi. Mwaka wa fedha wa mfadhili usipokubali, bora kusubiri msimu mwingine. Cheti cha kikundi na barua ya shule kuhusu kiwanja viambatishwe tangu siku ya kwanza.

Mifereji ya bati haidumu kwenye hewa ya chumvi. Weka ya plastiki. Maji ya kwanza yanayoosha paa, nusu milimita au lita 80, yaelekezwe kando: ni bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 4.5. Paa la shule haliko juu hivyo, kwa hiyo simamisha mabomba mawili ya nusu ya urefu huo, kila moja na kifuniko cha kufungulia chini.