"Fundi, fremu hii ni ya mvule. Mvule hauliwi"

Juzi nimeyasikia tena, mara hii Kisauni, huku pwani. Bi mkubwa kanishikia risiti ya mbao, mimi fundi wa kuua mchwa nimeshika bisibisi. Nikaichomeka pembeni mwa fremu ya mlango, ikazama hadi mpini. Rangi ipo, mbao imekwisha.

Mvule hauliwi: hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayonipa kazi. Kinachomshinda mchwa ni kiini, ile mbao ya kahawia ya katikati, kwa sababu mti ukikomaa hujaza humo kemikali zake chungu. Ile nyeupe ya nje, inayopakana na gome, haina kinga hiyo. Ina wanga na sukari, na mchwa huila kama alavyo msonobari. Ni hivyo hivyo kwa mninga, mbambakofi, hata msaji. Gogo likiwa nene, seremala aliweza kuipasua nyeupe akaitupa. Gogo la mti mchanga ukiitupa hubaki na kijiti, kwa hiyo inauzwa yote, inapakwa vanishi nyeusi, na risiti inaandikwa "mvule". Wala si uongo. Fremu ya Kisauni ililiwa upande mmoja tu, mweupe. Upande wa pili bisibisi haikuingia hata ncha.

Mwingine husema, "Basi ni ugumu, mbao ngumu humvunja meno." Sivyo. Mvinje ni mgumu hata msumari unapinda, na mchwa wa mbao kavu wanaula. Mwerezi ni laini, ndio uliochongewa penseli, lakini huko bara huchimbiwa ardhini nguzo za ua na zikadumu miaka mingi. Sasa niambie ugumu umefanya nini hapo.

Ushauri wangu, ambao maseremala wengine hawaupendi: kabla ya kulipa, tazama ncha ya ubao ungali haujapakwa kitu. Ukiona rangi mbili, omba bei ya rangi mbili. Pesa zikiwa chache, chukua msonobari uliotiwa dawa kiwandani kwa presha. Dawa huzama vizuri kwenye ile ile nyeupe ambayo mchwa wanaipenda, kwa hiyo ubao huo wa bei nafuu unaweza kudumu kuliko mvule wako wenye nyeupe. Ila fundi akiukata, ule mkato aupake dawa tena papo hapo. Dawa ya brashi peke yake huishia juu juu.

"Nyumba yangu ni ya mawe." Mchwa hali mawe, anapita. Ufa mwembamba kwenye zege unamtosha kupanda na udongo wake hadi kwenye dari. Ndiyo maana dawa humwagwa kwenye udongo wa msingi kabla ya zege, siku ambayo wenye nyumba wengi huniona ghali.

"Wale ni kumbikumbi tu, si mchwa." Ni mchwa wenye mbawa, waliotoka kutafuta makao mapya. Mvua za masika zikianza ukakuta mbawa zimejaa chini ya taa ya ndani na madirisha yalikuwa yamefungwa, nipigie.

"Nilimwaga dawa ardhini, mbona kabati linaliwa?" Kwa sababu wa kabatini hawatoki ardhini. Mchwa wa mbao kavu huishi ndani ya mbao yenyewe, hahitaji udongo wala vijia vya matope. Utamjua kwa vinyesi vyake, punje ndogo ngumu kama ufuta zilizorundikana chini ya tundu. Hapo hutibiwa kabati, au linatolewa nje kabla halijawaambukiza jirani zake.

Oili chafu ya gari huwazuia kwa muda, kisha inanuka, inakataa rangi, na kwenye mwamba wetu wa matumbawe wenye vitundu inashuka chini. Nayo majani ya mwarobaini yaliyochemshwa hupoteza nguvu upesi juani. Na wazee wanaoniulizia dieldrin, dawa ya zamani ya mchwa, wakisema ilikaa ardhini miaka na mikaka: ni kweli ilikaa, na hicho ndicho kilichoiponza. Ilikaa pia kwenye mafuta ya mwili na maziwa ya mama, ikawekwa kwenye orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza upesi, mwaka 2001. Kopo kuukuu lisilo na lebo usiniletee.

Hata dawa za leo zilizosajiliwa, ukiniambia nimwage hatua tatu kutoka kisima mnachonywa, nafunga pampu yangu naondoka. Chimba kwanza maji yako mbali, au tukubaliane nitibu mbao peke yake.