Karma ya filamu na karma ya Wabuddha

Kwenye filamu, jambazi akigongwa na gari mwishoni, watazamaji husema karma imemlipa. Shujaa naye hufa, akazaliwa upya na sura ileile na kumbukumbu zake zote. Wengi huamini huo ndio Ubuddha.

Mafundisho yenyewe yanakwenda kwingine. Karma ni tendo lenye nia, na matunda yake yaweza kuchelewa hadi maisha mengine. Wala si kila maumivu hutokana nayo: Sivaka Sutta (sutta ni mafundisho ya Buddha yaliyoandikwa) inataja pia nyongo, makohozi na mabadiliko ya majira. Hakuna roho ya kudumu inayohama. Kuzaliwa upya ni kama taa kuwashwa kwa moto wa taa nyingine. (Filamu, kwa haki, inamhitaji mwigizaji yuleyule.)

Ukitaka kuhakiki, isome sutta hiyo. Ni fupi, na tafsiri zake zinapatikana bure mtandaoni.