Nani alikuja kukuona?

Kila ninapomhoji mwanaharakati mzee, swali langu la mwisho huwa ni hilo hilo: ulipokuwa ndani, nani alikuja kukuona? Nimetumia miaka mingi kutafiti historia ya wanawake katika siasa, na swali hili limenifunza kuliko majalada mengi niliyoyafungua. Watu husimulia mikutano, hotuba na maandamano kwa sauti ya juu, mikono ikienda huku na huku. Wakifika hapo hunyamaza kwanza. Kisha hutaja majina, na mara nyingi ni majina machache ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mzee mmoja wa Tanga, aliyewahi kuwaongoza wafanyakazi wa mkonge, alinitajia mama jirani aliyekuwa akiuza uji. "Wenzangu wa kamati wakimwona mke wangu walibadili njia," alisema. "Yule mama kila Ijumaa alimletea kibaba cha unga. Hasemi neno, anaweka, anaondoka."

Kupendwa na watu na kuwa na watu watakaosimama nawe wakati wa shida ni mambo mawili ambayo wanaharakati vijana huyachanganya, na nadhani uchanganyaji huo unawaumiza. Nitaeleza kwa maisha ya wanawake wawili, Bibi Titi Mohamed wa Tanganyika na Wangari Maathai wa Kenya.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alijulikana kwa sauti: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, sehemu ya wanawake iko wapi. Hawakuwa nayo. Ndipo wakamtafuta mtu wa kuiongoza, na jina lililopatikana ni la Titi. Katika miezi michache wanawake walikuwa wakinunua kadi kwa maelfu.

Hapo wengi husema alikuwa na mvuto. Ni kweli, alikuwa nao, na akisimama jukwaani na Nyerere watu walikuja kumsikiliza yeye pia. Lakini mvuto peke yake hauuzi maelfu ya kadi katika mji ambao wanawake wengi hawakuwahi kuhudhuria mkutano wa siasa. Tazama vile vikundi vya ngoma na lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, vilivyokuwa mitaani. Vilikuwa na viongozi, sare na michango. Mwenzenu akifiwa mlikwenda pamoja, akioza binti mlipika pamoja. Wauza vitumbua, wapika pombe, wauza samaki, wanawake walioachika na wanaojitegemea, wote walikuwa na mahali pa kukaa na sauti ya kusikilizwa. Titi hakuenda kumshawishi mwanamke mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi, na kiongozi akikubali, kikundi kizima kilifuata.

Na kumbuka kwamba vikundi hivyo vilikuwa na ushindani mkali. Katika miji ya pwani watu walitungiana nyimbo za mafumbo, wakarushiana vijembe mpaka mtu akalia. Lakini ulikuwa uhasama wenye mipaka: leo mnatukanana kwa wimbo, kesho mko kwenye msiba mmoja mkimenya vitunguu. Nafikiri wanawake wa TANU waliingia kwenye siasa wakiwa tayari wamezoea kuchukiwa bila kuvunjika. Hilo ni zoezi ambalo wanaharakati wa leo hawalipati popote.

Uhuru ulipopatikana, Titi akawa naibu waziri, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwaka 1965 akapoteza ubunge wa Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha lililowakataza viongozi kupangisha nyumba. Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, hakukubali, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na aliyekuwa waziri wa kazi, Michael Kamaliza, na maofisa wanne wa jeshi, kwa shtaka la kupanga kuipindua serikali. Kesi ilichukua siku 127. Hukumu: kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere.

Mumewe alikuwa amempa talaka. Marafiki zake wa siasa walikuwa wamemkana. Mwanamke aliyekuwa akijaza viwanja aliishi miaka mingi baada ya hapo kama mtu asiyekuwepo.

Wasomaji wengi hukasirikia hapo, wakiwalaumu wale wanawake kwa usaliti. Mimi siwezi kuwalaumu kirahisi. Angalia kilichotokea kwa vile vikundi. Mtandao uliompandisha Titi ulikuwa wa mitaa, na wanawake waliumiliki wenyewe. Baada ya uhuru ukamezwa na chama, na chama kikawa serikali. Kumtembelea Titi mwaka 1970 hakukuwa tena kumtembelea mwenzako wa ngoma. Kulikuwa kujitangaza upande wa mshtakiwa wa uhaini. Na zile nyumba nazo zilimweka mbali: muuza vitumbua anayelipa kodi ya chumba hamwoni mwenye nyumba kuwa mwenzake, hata kama zamani waliimba pamoja. Mapenzi huenda yalikuwepo bado mioyoni. Njia ya kuyafikisha mlangoni ndiyo iliyokuwa imezibwa.

Kwa Wangari Maathai mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wabunge walimshambulia Bungeni, wakawaita wenzake wa Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti, kundi la wanawake walioachika. Rais Moi alisema ana wadudu kichwani. Viongozi wa chama kikubwa cha wanawake nchini nao walimkana. Ofisi ya vuguvugu lake ilifukuzwa kwenye jengo la serikali, kazi ikahamia nyumbani kwake. Linganisha na Titi uone silaha ilivyo moja: mwanamke akisimama kwenye siasa, swali la kwanza si anasema nini, ni mume wake yuko wapi. Shambulio hilo limekusudiwa kuwafanya wanawake wengine waone aibu kukaa karibu naye, ndiyo maana nasema uhasama wa kisiasa haumlengi mwanaharakati peke yake. Unamlenga anayetaka kumtembelea.

Kisha Februari 1992 mama za wafungwa wa kisiasa walimwendea Maathai. Walikuwa wanawake wa makamo na vikongwe kutoka vijijini. Walikwenda pamoja kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, kudai wana wao waachiwe, kisha wakakaa kwenye kona ya Uhuru Park wakisubiri jibu na kufunga kula. Watu wa Nairobi wakaanza kuja. Wengine walisimama na kueleza, mara ya kwanza mbele za watu, jinsi walivyoteswa na polisi. Machi 3 askari walivamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Baadhi ya wale mama walivua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila yao ni laana nzito, mama akimwonyesha mwanawe utupu wake. Siku iliyofuata kundi likahamia kanisa kuu la All Saints, na mama hao wakakaa humo kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Mapema mwaka 1993 wafungwa karibu wote walikuwa wameachiwa.

Sina ushahidi wowote kwamba mama hao walimpenda Maathai kabla ya hapo. Walikuwa na haja, naye alikuwa na jina, ujasiri na ujuzi wa kuandika barua. Mapenzi yalikuja baadaye, sakafuni, kwa kulala mahali pamoja na kunusa moshi mmoja wa mabomu.

Na tazama kura zilivyoyumba. Mwaka 1997 Maathai aligombea urais na ubunge, akapata kura chache mno. Mwaka 2002 watu wa jimbo la Tetu walimchagua kuwa mbunge kwa asilimia 98. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, Mwafrika mwanamke wa kwanza. Mwaka 2007, akiwa na tuzo hiyo, akashindwa kwenye mchujo wa chama na kupoteza kiti. Mtu ni yule yule. Anayejipima kwa kupendwa angeshajiona shujaa na takataka mara tatu katika miaka kumi.

Methali tunayoijua wote inasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Haisemi rafiki huyo anatoka wapi, na kwangu hilo ndilo swali la utafiti. Katika mahojiano yangu anatoka mahali ambapo palikuwa na shughuli nyingine kabla ya siasa: upatu, kwaya, kisima, kikundi cha kuzikana, zamu ya kulea watoto.

Mwezi uliopita nilikaa na vijana wanaharakati, nikawaomba kila mmoja aandike majina matatu ya watu watakaofika kituo cha polisi usiku huo huo akikamatwa. Dada mmoja mwenye wafuasi wengi sana mtandaoni aliandika majina mawili, akasita, akafuta moja. Baadaye alitoka nje kwenye baraza na simu. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama mdogo. Ni mimi. Najua hatujaongea tangu msiba."