Godoro la mtoto mchanga: ugumu wake, kipimo chake na hila za sponji

Mimi ni muuguzi wa watoto. Katika kliniki ninayohudumu hapa Nairobi wazazi huniuliza kwanza kuhusu chanjo, maziwa na homa, na suala la godoro hulikumbuka wakiwa wameshashika mlango. Hivi karibuni mama mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya kitanda alichotengenezewa na maseremala wa kando ya Ngong Road: mbao safi, fito zilizokaribiana, vanishi inayong'aa. Upana wake wa ndani ulikuwa inchi 28. Godoro alilinunua kwingine, la futi 2 kwa 4, kwa kuwa ndilo muuzaji alilokuwa nalo dukani.

Futi 2 ni inchi 24. Godoro hilo likisogea upande mmoja, upande wa pili hubaki mwanya wa inchi 4, na mtoto anayejinyonganyonga usiku anaweza kutumbukiza uso humo, pua ikabanwa kati ya sponji na mbao. Kipimo ninachowafundisha wazazi ni cha vidole: vikiingia zaidi ya viwili kati ya godoro na ubavu wa kitanda, godoro hilo ni dogo mno.

"Sista, na nikijaza huo mwanya na blanketi?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, maana blanketi lililokunjwa hulegea, na likishalegea huwa ni kitu kingine laini cha kumfunika uso.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni ulaini. Mzazi akiingia dukani hubonyeza godoro kwa kiganja, akaona linabonyea vizuri, akaridhika kwamba mwanawe atastarehe. Lakini kiganja hicho ni cha mtu mzima aliyezoea godoro la mtu mzima. Mtoto wa miezi miwili akijikuta kifudifudi juu ya sponji laini, uso wake huchimba kishimo, na ndani ya kishimo hicho huvuta tena hewa ileile aliyoitoa, yenye kaboni dioksidi nyingi na oksijeni kidogo, huku shingo yake ikiwa haina nguvu ya kutosha kuinua kichwa na kukigeuza. Vifo vingi vya ghafla vya usingizini hutokea kabla ya mtoto kutimiza miezi sita, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne. Ndiyo maana twasisitiza mtoto alazwe chali kila anapolala, hata kama nyanya yake anahofia kwamba atapaliwa na maziwa.

Hapa ndipo neno "hai densiti" linapowapotosha watu. Densiti ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, nayo hueleza zaidi jinsi itakavyodumu. Haisemi kama ni ngumu au laini. Ile sponji inayohifadhi alama ya mkono kwa muda baada ya kubonyezwa huwa na densiti kubwa, na bado haifai kabisa kwa mtoto. Mimi hupendekeza jaribio la nyumbani: weka pakiti ya unga ya kilo 2 juu ya godoro, kisha iondoe. Kukibaki shimo, hata kwa muda mfupi, lirudishe dukani. Jaribio hili si la maabara, lakini hufichua sponji mbovu upesi. Unene wa inchi 4 unatosha, na usizidi 6, kwa sababu godoro likipanda juu, kingo za kitanda hubaki fupi na mtoto anayejifunza kusimama huanguka.

Nailoni ya dukani iondolewe yote. Wengi huiacha kwa sababu ya mkojo, ilhali kifuniko kisichopenya maji kinachokaza pembe zote nne hufanya kazi hiyo bila hatari. Juu yake liwepo shuka moja tu. Mto hauhitajiki, wala blanketi, hata wakati wa baridi ya Julai, kwani nguo nzito kidogo zitamkinga.

Kuhusu godoro lililotumiwa na mtoto wa jamaa, utafiti uliofanywa Uskoti na kuchapishwa mwaka 2002 ulilihusisha godoro la aina hiyo, lililotoka nyumba nyingine, na vifo vya ghafla, ingawa haukuthibitisha kwamba ndilo sababu. Mimi huliangalia katikati: likiwa na bonde, silikubali.

Yule mama alirudi kwa muuza sponji na vipimo vya kitanda chake kwenye karatasi, akakatiwa kipande kwa kisu kirefu, fundi cherehani akamshonea kifuniko chenye zipu. Siku ya chanjo iliyofuata alinionyesha picha nyingine: kidole kimoja ubavuni mwa godoro, kimeingia kwa taabu.