Kozi ya Utangulizi wa Kompyuta Si Mteremko wa GPA

Kila semesta ya kwanza inapofunguliwa, dawati la usajili hujaa wanafunzi wa ualimu, sosholojia na biashara wanaotaka kuongezewa kozi ya hiari ya utangulizi wa kompyuta. Sababu inayotajwa ni moja: "ni mteremko, inapandisha GPA," yaani wastani wa jumla wa gredi. Matokeo yakitoka, baadhi yao hurudi dawati hilohilo wakilalamika kwamba wameonewa. Ni vema jambo hili lieleweke kabla dirisha la kuongeza na kuondoa kozi halijafungwa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Hapa Tanzania shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na kozi ya utangulizi kwa kawaida haizidi krediti 12. Tuchukulie ina 8. GPA haihesabu una A ngapi. Kila gredi huzidishwa kwa krediti za kozi yake (A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2), kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Mwenye wastani wa 3.4 katika krediti 352 nyingine akipata A kwenye kozi hii atamaliza na takribani 3.44. Bado yuko daraja la pili la chini, kwa kuwa la juu linaanzia 3.5. Sasa mchukue mwenye 3.5 kamili, apate C. Anashuka hadi takribani 3.47, na kwenye chuo kinachokata GPA katika desimali moja bila kukadiria, itasomeka 3.4. A haikumpandisha wa kwanza, ila C imemwangusha wa pili.

Sasa kozi yenyewe. Zipo za aina mbili zenye majina yanayofanana mno. Moja ni ya matumizi: kuandaa nyaraka, lahajedwali (kama Excel), intaneti. Nyingine hufundishwa na idara ya sayansi ya kompyuta, na ndani yake mna mifumo ya namba, algorithimu (hatua za kutatua tatizo) na kuandika programu. Jina halitoshi, soma maelezo ya kozi wiki kwa wiki. Ukikuta maneno kama "vigeu" (majina yanayoshika thamani ndani ya programu), "lupu" (amri zinazojirudia) au "msingi wa 2" (namba za 0 na 1 tu), hiyo si ya kujifunza kuchapa barua. Na kutumia simu janja tangu kidato cha pili hakukupi hata alama moja humo, tunasema hivi kwa nia njema kabisa.

Hata hiyo ya matumizi ina mitego. Mwanafunzi ameweka kiwango cha kodi kwenye seli C1, akaandika =B2*C1, akavuta fomula kushuka chini. Mstari wa pili unakuwa =B3*C2, na C2 ni tupu, kwa hiyo majibu yote ya chini ni sifuri. Alitakiwa kuandika $C$1, maana alama ya dola huifunga seli isisogee fomula inapovutwa. Zilizokosekana ni alama mbili za dola tu, lakini jedwali lote limeharibika na maswali yanayolitegemea yameharibika nalo.

Kwenye kozi ya kuandika programu, mtihani wa mwisho mara nyingi huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Hakuna mashine ya kukuonyesha mstari mwekundu. Chukua swali la kawaida la Python, lugha ya kuandikia programu: pokea alama za semesta na za mtihani, zijumlishe, toa gredi. Mwanafunzi anaandika input(), amri ya kupokea kinachochapwa, mara mbili na kujumlisha. Kwa kuwa input() hurudisha maandishi na si namba, 32 na 38 hazitoi 70, zinatoa 3238. Akilinganisha hiyo na 70 ili atoe A, programu inasimama hapohapo. Kilichokosekana ni int() tu, inayogeuza maandishi kuwa namba. Mwingine anaandika range(1, 10) akitarajia ihesabu hadi 10, kumbe inaishia 9. Dawa yake si kukariri. Chora jedwali lenye safu kwa kila kigeu, upitie programu mstari kwa mstari ukijaza thamani zake. Vivyo hivyo kwa namba: 156 ni 128+16+8+4, yaani 10011100 katika msingi wa 2, na anayeonyesha njia hupata alama hata akikosea tarakimu moja mwishoni.

Muda nao umo kwenye krediti. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, hivyo krediti 8 ni saa 80, zaidi ya saa 5 kwa wiki katika semesta ya wiki 15. Darasa na maabara havimalizi saa hizo. Zilizobaki ni zako na kompyuta, si zako na kijitabu cha rafiki.

Kuhusu kunakili, idara hutumia programu za kulinganisha misimbo ambayo wanafunzi wameandika, kama MOSS inayotumika tangu 1994. Hizi huangalia muundo, hivyo kubadilisha majina ya vigeu hakusaidii kitu. Ikithibitika, kwa kawaida aliyetoa na aliyepokea wote huadhibiwa. Simu kwenye chumba cha mtihani ni kosa hata ikiwa imezimwa.

Alama za semesta huwa 40 na mtihani wa mwisho 60. Vyuo vingi huweka kizingiti cha 16 kati ya 40; usipokifikia, huingii kwenye mtihani. Ukifeli mtihani utafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, na vyuo vingi gredi ya sapu haivuki C hata ukipata 90. Hapo ndoto ya A imekwisha rasmi.

Ukiona kozi si yako, iondoe kwenye mfumo wa usajili ndani ya muda wa dirisha, hakikisha mshauri wako wa masomo ameidhinisha, kisha uchapishe fomu mpya ya usajili na uitunze. Kuacha kuhudhuria si kuondoa kozi. Jina lako litabaki kwenye orodha, hutaonekana mtihanini, na mfumo utaandika kwamba hukufanya mtihani bila ruhusa. Rufaa ya matokeo nayo ina muda wake na ada yake, na hupokelewa pale alama zilipojumlishwa vibaya au swali lilipoachwa bila kusahihishwa. "Niliambiwa ni rahisi" haimo kwenye fomu ya rufaa.